Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Umoja Wetu wa Wavuvi, Pangani

Assalaam alaykum, wazee wetu, ndugu wajumbe wa kamati na ndugu wanachama mliofika.

Nasema mliofika kwa sababu tuko 86 kwenye daftari na humu ndani nimehesabu 29. Mkutano wa Juni mlikuja 17, na wanne kati yenu mlikuja kuuliza posho.

Shughuli za mwaka mnazijua: tumepanda mikoko, tumesafisha ufukwe mara tatu, leseni zimehuishwa, semina imefanyika. Tuendelee.

Nije kwenye jambo linalosemwa vijiweni tangu Julai, kwamba nilitoa fedha ya mfuko wa maafa bila kikao, ambalo hakuna aliyekuja kuniuliza usoni. Usiku ule wa giza, kusi, upepo wa kusini, limekaza na tahadhari ya upepo mkali ilishatangazwa, chombo kimoja cha ringineti, wavu wa kuzungushia samaki, kilitoka kwenda kuvua dagaa na vibua nje ya kisiwa cha Maziwe kikiwa na watu 19. Wamevuta wavu, wamejaza, ubao ukafunguka karibu na mkuku, mti wa chini kabisa wa chombo. Kalafati, pamba ya kuzibia nafasi za mbao, ilikuwa ya zamani. Hilo mwenye chombo mwenyewe amelikiri. Walifua maji kwa ndoo, lakini ngama, pale chini maji yanapokusanyika, ikajaa kuliko mikono yao. Saa tisa usiku nahodha akanipigia mimi, wala hakumpigia mtu mwingine. Alisema "tunazama, Mwenyekiti" na simu ikakatika.

Nilipiga ofisi inayohusika, sitaitaja. Nikaambiwa boti ya doria ipo ila haina mafuta.

Sasa mnataka kujua kwa nini nilitoa fedha ya mfuko wa maafa bila kikao. Katiba yetu inaniruhusu shilingi 200,000, mimi nikaidhinisha 865,000: petroli lita 240 kwa boti tatu ni 720,000, maji na chakula 85,000, gari la kuwapeleka hospitali 60,000. Risiti ninazo zote, isipokuwa ya maji. Katibu nilimpata kwa simu akakubali. Mhazini simu yake ilizimwa, na nyumbani kwake niligonga. Ningeitisha kikao saa tisa usiku, akidi ingetoka wapi, ikiwa mchana haitimii?

Wengi mlitaka boti zizunguke Maziwe pale pale. Mimi nikasema hapana, elekeeni kaskazini. Mkondo wa pwani yetu hupanda kaskazini mwaka mzima, na kusi likivuma ndio unakimbia zaidi. Saa nne asubuhi waliwakuta usawa wa kijiji cha Kigombe, wamejifunga kamba kwenye maboya ya wavu na madumu matupu ya mafuta, wamekakamaa kwa baridi, midomo imepasuka kwa chumvi. Majaketi okozi yalikuwa manne kwa watu 19; wakayavalisha vijana wasiojua kuogelea vizuri. Wote 19 walirudi. Sisemi haya ili nisifiwe, lakini iandikwe kwenye muhtasari.

Limesemwa pia kwamba mwenye chombo ni shemeji yangu. Ni kweli, ni shemeji yangu. Na ni kweli anadaiwa ada ya miezi 14, yaani 70,000. Lakini kati ya wale 19, vijana 11 ni watoto wa watu waliokaa humu humu, na wawili kati ya wazazi hao ndio wanaosema fedha imetumika vibaya. Nimewatazama, sijawataja.

Chombo, mashine na wavu vyote vimekwenda. Mwenyewe ameahidi kuurudishia mfuko fedha yake akipata wavu mwingine. Nimemkumbusha mara mbili.

Tangu Agosti nimezuia chombo chochote cha wanachama kutoka bila jaketi kwa kila baharia. Najua mnanung'unika kwamba ni gharama. Sawa.

Hesabu: mapato 4,000,000, ada 1,860,000 na tozo ya mnada 2,140,000. Matumizi 3,310,000 pamoja na ile 865,000. Salio 690,000. Waliolipa ada ya mwaka mzima ni 31. Waliobaki 55 hawajalipa hata mwezi mmoja, jumla 3,300,000. Fedha hiyo ingekuwepo, tungekuwa na redio ya upepo, ya kuongea na nchi kavu, kwenye kila boti na mimi nisingehangaika na simu ya mkononi.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijaalia, kununua redio, kupata barafu karibu na diko tunaposhushia samaki, na kuonana na wafadhili. Mazungumzo yanaendelea.

Karatasi ya mahudhurio iko kwa katibu, na daftari la ada liko pembeni yake. Pilau itatoka baada ya kusaini.