Picha Mbili za Sanamu Moja

Mpenzi Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama; sisi huku hatujambo. Umeniuliza kwa nini zile picha kongwe za sanamu zimechapwa mbilimbili kwenye kadi moja. Ukizikagua vizuri utaona zinatofautiana kidogo: moja ni ya jicho la kulia, nyingine ya kushoto. Ukizitazama kupitia stereoskopu, yaani chombo cha kutazamia chenye lenzi mbili, akili inaziunganisha, na sanamu inajaa umbo, bega mbele, mgongo nyuma.

Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alieleza jambo hilo mwaka 1838 akitumia michoro tu, upigaji picha ulikuwa bado haujatangazwa. Kilichokipa chombo umaarufu ni Maonyesho Makubwa ya London ya 1851, Malkia Victoria alipokipenda. Na wapiga picha walizipenda sanamu, nawe mchongaji utaelewa upesi: sanamu haipepesi macho wala haichoki kusimama, na siku hizo picha ilitaka subira.

Katika maonyesho hayohayo palikuwa na “Mtumwa wa Kigiriki”, kazi ya Mmarekani Hiram Powers: binti wa marumaru nyeupe, uchi, mikono minyororoni, anauzwa katika soko la Waturuki. Aliwekwa juu ya kitako kinachozunguka ili watu wamwone pande zote. Mpiga picha Antoine Claudet akampiga picha za stereoskopu, basi ukaweza kukaa naye sebuleni. Hapo ndipo roho yangu inaposita. Ukumbini unatazama huku watu wakikuona unavyotazama. Ukishaweka uso kwenye kile chombo, uko peke yako na yule binti.

Tena ukumbini mtu aliweza kujibu. William Wells Brown, aliyetoroka utumwa Marekani, alikwenda pale na wenzake, akaweka kando ya sanamu mchoro kutoka Punch, gazeti la vichekesho la London, wa mwanamke Mweusi, mtumwa wa Virginia, akisema huyu ndiye mwenzake anayemfaa. Ndani ya lenzi mbili hakuna pa kumweka mwenzake.

Hata hivyo jaribu, huhitaji chombo. Shika kadi karibu na uso, legeza macho kana kwamba unatazama ukuta wa mbali, kisha isogeze polepole. Zitatokea picha tatu. Ishike ile ya katikati. Uniandikie kama mchongaji: mgongo wa sanamu umekaa sawa?

Wako,
Rehema