Mje mpime siku ya bamvua

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mabango ya viwanja "vinavyotazama bahari" yamezidi Bagamoyo, na baadhi yanaelekeza watu kwenye ardhi iliyo nyuma ya mikoko: ule uwanda wa chumvi mweupe, mpana, usio na mti, ambao dalali huuita ardhi tupu. Si ardhi tupu. Ni ya bahari, ila bahari haifiki pale kila siku.

Anayeuza kule ana bahati ya saa. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Mteja kutoka Dar es Salaam akifika saa nne anakuta pakavu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake, maji hujaa mida hiyohiyo ya saa nne, lakini hayana nguvu ya kupanda hadi uwandani. Kwa hiyo asubuhi yoyote utakayopelekwa utaona pakavu, na dalali hana haja hata ya kusema uongo. Njoo alasiri, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, hasa Machi au Septemba ambapo bamvua huwa kubwa kupita zote za mwaka, uone bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, zikioga.

Asiyeweza kungoja mwezi atazame chini. Mstari wa majani makavu ya mikoko, vijiti na chupa za plastiki ni alama ya mahali maji yalipoishia mara ya mwisho. Mashimo ya kaa ni alama nyingine. Ya tatu ni michu mifupi, imedumaa kimo cha goti au kiuno: mchu huvumilia chumvi kuliko mikoko mingi, na ukiuona umedumaa hivyo jua chumvi ya pale imeushinda hata wenyewe. Bustani ya maua utaiotesha wapi?

Sheria haina kigugumizi. Misitu ya mikoko ni misitu ya hifadhi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni na kingo za mito. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 7, inaitaja mikoko, pamoja na ardhioevu na hizo meta 60, katika orodha ya ardhi hatarishi. Ujanja unaofanyika ni wa kamba ya kupimia. Mtu anaanza kuhesabu meta 60 pale mawimbi yanapopigia wakati maji yamekupwa, anavuka tope na msitu mzima, anatokea nyuma ya mikoko na kutangaza kwamba ameshatoka kwenye eneo la katazo. Kipimo chenye maana huanzia kwenye ule mstari wa majani makavu, kuelekea nchi kavu.

Tuje kwenye ujenzi wenyewe. Kiwanja cha meta 20 kwa 30 ni meta za mraba 600. Kukiinua kwa meta moja, ambayo ni kidogo, kunahitaji meta za ujazo 600 za kifusi kilichoshindiliwa. Kifusi kikishindiliwa hupungua, kwa hiyo nunua robo zaidi, iwe 750. Kwa tipa la meta za ujazo 15 hizo ni safari 50, kwa kiwanja kimoja, kabla ya tofali la kwanza. Kifusi hicho kinachimbwa kwenye kilima cha watu wengine, na maji yaliyokuwa yakitandaa juu ya kiwanja chako sasa yanakwenda kwa jirani, naye atainua chake zaidi. Mashindano hayo hayana mshindi.

Chini ya kifusi kuna tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Harufu ile ni salfa. Tope likikaa ndani ya maji halina neno. Likichimbwa kwa ajili ya msingi na kupigwa na hewa, hugeuka tindikali, nayo hula zege, na mvua ikiiosha hadi kwenye vijito huua samaki. Chumvi nayo hupanda ukutani kwa kunyonywa: kwanza rangi inatoa malengelenge, kisha plasta inabanduka, kisha nondo zinapata kutu na kuvimba hadi nguzo inapasuka kwa ndani. Mashamba ya chumvi yaliyoachwa, ambayo nayo yameanza kunadiwa, ni mabaya zaidi kwa hili, maana udongo wake umelishwa chumvi miaka na miaka.

Karo la choo ndilo linalosahaulika. Shimo la kunyonyea hufanya kazi pale tu ambapo udongo ulio chini yake ni mkavu. Uwandani, siku za bamvua, maji ya ardhini hukaribia usoni, shimo linajaa kutoka nje kuja ndani, na kilichomo kinapanda juu. Bamvua ya Machi na Aprili ikikutana na masika, Ruvu ikiwa imejaa na bahari inaukataa mto, maji hayana pa kwenda ila nyuma. Kinachoelea hapo hakihitaji maelezo gazetini.

Watetezi wa viwanja husema hawatakata mkoko hata mmoja. Yawezekana, lakini mkoko hauuawi kwa shoka peke yake. Mchu na mlilana, aina mbili za mikoko, hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli. Ifunike kwa kifusi, au ziba njia ya maji yatuame juu yake wiki kadhaa, na mti utakufa umesimama. Kinachoziba mara nyingi ni barabara ya kuingilia viwanjani: tuta la udongo linalokatiza uwanda, na kalvati moja, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, iliyowekwa juu mno, ili gari lipite vizuri. Upande wa bahari mikoko inabaki kijani na upande wa pili inageuka kuni. Wavuvi wa kamba wanajua maana yake, kwa sababu kamba wachanga hujificha na kukulia kwenye mizizi hiyo kabla ya kwenda baharini.

Ahadi nyingine ni kwamba mikoko itapandwa "mahali pengine". Mche wa mkoko, ule mrefu kama kijiti, ni rahisi kuuchomeka, na picha hutoka nzuri. Ukichomekwa kwenye tope la mbele, ambako kwa asili ni makazi ya mlilana, mawimbi huung'oa au chaza wadogo huuvaa hadi ukaanguka. Ukipandwa kwenye uwanda wa chumvi hukauka. Na pale panapoufaa, ukiona hapana mkoko, tafuta kwanza kilichouzuia usiote wenyewe. Kwa kawaida ni maji yaliyozibwa.

Wanunuzi, muhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia mauziano, haugawi ardhi. Dai mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa na ramani ya upimaji iliyosajiliwa, fanya upekuzi kwa msajili wa hati, kisha nenda na namba za bikoni ofisi ya misitu ya wilaya ukaulize ziko ndani au nje ya mpaka wa hifadhi. Muuzaji akisema "hati inakuja", mwache aje nayo.

Kwa halmashauri na mamlaka ya mazingira tuna ombi moja zaidi. Eneo moja linapokatwa vipande na kuuzwa kiwanja kimoja kimoja, kila kipande huonekana kidogo mno kustahili tathmini ya athari kwa mazingira. Lipimwe kama mradi mmoja, barabara na makaro yote yakihesabiwa pamoja. Watu wanahitaji nyumba, hilo hatubishi. Lakini Bagamoyo ina viwanja vilivyopimwa kwenye ardhi ya juu vilivyobaki vichaka, ilhali masharti ya hati hutaka viendelezwe ndani ya miezi 36. Vianze hivyo.

Na kabla ya idhini yoyote nyuma ya mikoko kusainiwa, maofisa wahusika wafanye ukaguzi palepale, siku ya bamvua, saa kumi alasiri. Waje na viatu vya mpira.

Mdau wa misitu ya pwani,
Bagamoyo