Chozi na posamu wa asali

Mbezi, Dar es Salaam

Rafiki yangu Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Tanga. Umeuliza kama posamu wa asali, yule mnyama mdogo wa Australia mwenye mfuko wa kulelea, ni ndege chozi aliyekosa mabawa tu, maana wote wawili wanaishi kwa maua.

Kwa umbo dogo wamekaribiana. Chozi wa bustani za huku wengi wana gramu 7 hadi 12 hivi, na posamu ni kati ya gramu 7 na 16, jike akimzidi dume. Kinachowatenga ni ulimi. Wa chozi ni kama mrija uliopasuka nchani, unafyonza mbochi, yale maji matamu ya ndani ya ua. Wa posamu una vinyweleo kama brashi, basi kila akilamba anazoa na chavua, ule unga wa maua. Asali yenyewe hagusi, jina linapotosha.

Mbochi ni maji na sukari, haimkuzi kinda. Kwa hiyo chozi huwinda buibui na wadudu wadogo, hasa wakati wa kulisha makinda. Posamu hana haja ya kuwinda, protini yake iko kwenye chavua. Mwenye gramu 9 anahitaji kwa siku takriban mililita 7 za mbochi na gramu 1 ya chavua. Ndiyo maana anapatikana kusini-magharibi mwa Australia peke yake, ambako mimea kama banksia hupokezana kuchanua mwaka mzima. Moto ukipita hapo, au ukungu unaoozesha mizizi ukiua banksia, hana pa kukimbilia.

Kuhusu kuzaa: chozi hutaga mayai, mara nyingi 2, huyaatamia kama wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine. Mtoto wa posamu huzaliwa akiwa hafiki miligramu 5. Hakuna mamalia mwenye kichanga kidogo kuliko huyo! Hukaa mfukoni siku 60 hivi, aking'ang'ania chuchu.

Sasa bustani yako. Kiota cha chozi huning'inia kama kifuko, mlango ubavuni, na nyasi zake zimefungwa kwa utando wa buibui. Ukipiga dawa ya wadudu na kufagia kila utando, umemnyima kamba ya kujengea na chakula cha watoto kwa mpigo mmoja. Acha tando za uani. Panda mshubiri, na usiwahi kukata ua la mgomba.

Maji ya sukari unaweza kumtegea, ila mimi naona maua ni bora. Ukitega, pima sukari kijiko 1 kwa maji vijiko 4, chemsha, poza. Usitie asali, huota kuvu haraka; rangi nayo haina kazi. Kwa joto la pwani huchacha, kwa hiyo mwaga kila siku na uoshe chombo kwa maji ya moto. Sisimizi wakikusumbua, weka kikombe kidogo cha maji kwenye waya unaoning'iniza chombo. Usipake mafuta, yatagandamanisha manyoya yake.

Niandikie mgomba wako ukichanua, uniambie chozi wanakuja saa ngapi.

Nduguyo,
Mwanaidi