Gari haliachi njia lenyewe

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita nilipanda basi la alfajiri kutoka hapa Tanga kwenda Dar es Salaam, kwenye mazishi ya shemeji yangu. Tulipoipita Segera, dereva akakanyaga mafuta kana kwamba tunakimbizwa. Kabla ya Mkata, kwenye kona, alilipita lori juu ya mstari usiokatika huku lori jingine likija mbele yetu. Tuliponea chupuchupu. Mama mmoja aliyepakata mtoto alipiga ukelele ambao bado nausikia. Nikasimama, nikamwomba konda amwambie mwenzake apunguze mwendo. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaa tu mzee wangu, ajali haina kinga."

Nimefundisha Kiswahili miaka 31, katika mkoa aliozaliwa Shaaban Robert, na sijapata kuona methali ikitumiwa vibaya namna ile. Maneno hayo ni ya kumliwaza aliyekwisha fikwa. Pale kwenye kona kinga ilikuwapo: mguu wa dereva. Sheria nayo ipo. Penye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, lakini madereva wanawashiana taa kuambiana mbele kuna tochi, kile kifaa cha polisi cha kupima mwendo. Wakishaipita, mwendo unarudi ule ule.

Na ninyi waandishi, nisamehe, mna sehemu yenu. Kila siku nasoma kwamba gari "liliacha njia na kupinduka". Gari haliachi njia lenyewe. Wanafunzi wangu wa darasa la sita walikuwa wakijua kumtafuta mtenda katika sentensi. Kwenye habari zenu mtenda ni bati na matairi, na aliyeshika usukani hayumo.

Wanasiasa wameshalizoea jambo hili. Ukimuuliza kiongozi kwa nini bomba halitoi maji, atakwambia "changamoto ya maji tunaifahamu". Tulikuwa na shida, dhiki, kero, uzembe, wizi, kila neno na uzito wake. Yote yamemezwa na changamoto moja, na changamoto haina mwenyewe wa kuulizwa.

Hata burudani. Ndani ya basi lile, runinga ilituonyesha vichekesho njia nzima, na kimoja kilikuwa cha mtu anayegongwa na bodaboda, anaanguka, anagongwa tena. Sauti ilikuwa juu, watoto wanacheka. Mimi nimekulia Ngamiani enzi za taarabu ya Black Star, ambapo neno lilipimwa kabla halijaimbwa. Sidai vijana waimbe kama sisi. Nyimbo zao nyingine nazipenda, wajukuu wangu ni mashahidi. Lakini mtu aliyelala barabarani si kichekesho, na mtoto aliyefundishwa kumcheka ndiye atakayekuwa konda kesho.

Naomba gazeti lako lianze. Habari ijayo ya basi, tuandikieni dereva alifanya nini, alikuwa na mwendo gani, amekuwa kwenye usukani tangu saa ngapi, na gari lile lilikaguliwa lini na nani.

Yule mama alishuka Chalinze. Mikono ilikuwa bado inamtetemeka alipompokea konda mzigo wake, akamwambia asante.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga