Akina mama wa Mwanza, tukienda Ulaya twende Würzburg

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linanikereketa na nisipolisema wenzangu wengi watapoteza hela. Siku hizi huku Mwanza vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vimeanza kupanga safari za nje, sio tena zile za kufuata mzigo Dubai, ni Ulaya kabisa, kwenda kutembea na kuangalia. Mimi naunga mkono. Mtu aliyeuza dagaa soko la Mwaloni toka watoto wako chekechea mpaka wamemaliza chuo ana haki ya kwenda kuiona dunia. Ila namna tunavyopangiwa hizo safari ndo sikubaliani nayo.

Kikundi chetu tuliletewa ratiba na wakala mmoja, karatasi nzuri ya rangi, siku saba miji mitano: Roma, Paris, Brussels, Amsterdam, Cologne, yote kwa basi. Nikakaa nayo na kalamu. Roma mpaka Paris kwa barabara ni kilomita kama 1,400, yaani inazidi kutoka hapa mpaka Dar, na hiyo wameiandika kwa neno moja tu, "safarini". Paris imepewa mchana mmoja, na ndani ya huo mchana kuna kupanda mnara wa Eiffel, kupanda boti mtoni na kufanya shopingi, wakati foleni ya mnara peke yake inaweza kula nusu ya huo muda. Ni sawa na mgeni ashuke stendi ya Nyegezi, anywe soda, adandie basi lingine, halafu akifika kwao aseme Ziwa Victoria analijua.

Mimi nasema tuchukue mji mmoja, siku tatu au nne tukilala hapohapo, na mji wenyewe uwe Würzburg. Wengi nikiutaja wanauliza ndo wapi huko. Uko Ujerumani, jimbo la Bavaria, kando ya mto Main, na una undugu na Mwanza yetu toka mwaka 1966, wengi wetu hatujazaliwa. Kufika sio kazi, ukitua Frankfurt stesheni ya treni iko palepale uwanja wa ndege, unakaa kwenye treni kama saa moja na nusu umefika. Sio jiji la kukupoteza, sehemu kubwa ya vitu vya kuona unavifikia kwa miguu, hata wale wenzetu wenye magoti mabovu wataweza wakienda polepole, na tramu zipo.

Kitu cha kwanza ni Residenz, jumba la maaskofu waliokuwa wanatawala kama wafalme, lilianza kujengwa 1720 na UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia 1981. Mpwa wangu aliwahi kwenda huko kwa mafunzo, akanionyesha picha kwenye simu na toka siku hiyo sijatulia. Unapanda ngazi pana, unainua kichwa, dari lote juu yako ni picha moja, zaidi ya mita za mraba 500 na katikati hakuna nguzo hata moja. Aliyejenga ni Balthasar Neumann, aliyechora ni Tiepolo, Mwitaliano wa Venice, 1752 mpaka 1753. Kachora mabara manne, kila moja na upande wake. Afrika kaichora mwanamke kakaa juu ya ngamia, na mto Nile kauchora kama mzee. Huyo Tiepolo Afrika hakuwahi kukanyaga, na mwaka huo hakuna Mzungu aliyejua kwamba maji ya huo mto yanatoka kwenye ziwa letu, Speke, yule mpelelezi Mwingereza, kafika ufukweni kwetu hapa Mwanza 1858, zaidi ya miaka mia baadaye. Sisi tunaochota hayo maji kila asubuhi, sisi ndo hasa tunaotakiwa kusimama chini ya lile dari tukaangalia walivyokuwa wanatufikiria kabla hawajatuona! Kwa hiyo Residenz ipewe asubuhi nzima, isiharakishwe.

Ukitoka hapo unashuka mpaka daraja la zamani la mawe, magari hayapiti, lina sanamu za watakatifu pande zote mbili na ng'ambo juu ya kilima kuna ngome ya Marienberg. Watu jioni wanasimama pale darajani na glasi ya mvinyo wa mashamba ya hapohapo, asiyekunywa asimame tu apate upepo. Mwezi wa sita huko jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo siku yako moja ni ndefu kuliko ya huku.

Karibu na daraja, kwenye jengo la halmashauri yao, kuna chumba chenye mfano wa mji ulivyokuwa baada ya bomu. Tarehe 16 Machi 1945 ndege za Waingereza ziliupiga kwa dakika kama ishirini, wakafa watu kama elfu tano na mji wa kale karibu wote ukateketea. Lile dari la Tiepolo lilipona. Sisi tuliotawaliwa na Wajerumani mpaka 1916, na tunaopita kila siku mbele ya jiwe lenye jina la Bismarck, chansela wao wa zamani, tukione na hicho chumba, historia yao tuijue yote na sio majumba tu.

Halafu kuna Röntgen, yule mwanasayansi aliyegundua eksirei. Kila aliyepigwa picha ya kifua hospitali ya Bugando au Sekou Toure anadaiwa na Würzburg, maana eksirei iligunduliwa huko Novemba 1895, na maabara yake imehifadhiwa wageni wanaingia. Saa moja inatosha.

Sasa viza, hapa ndo vikundi vyetu vitakwama. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho siku kumi na tano kabla, ada ni euro 90, zaidi ya laki mbili za kwetu, na ukinyimwa hairudi. Bima ya afya iwe ya euro 30,000 au zaidi. Kwa mara ya kwanza unakwenda mwenyewe Dar kutoa alama za vidole, kwa hiyo wekeni na nauli hiyo kwenye bajeti. Ila tatizo kubwa ni stetimenti ya benki. Akina mama wa vikoba hela yetu iko kwenye sanduku la kufuli tatu, benki akaunti imelala, na ukienda kutumbukiza milioni tano wiki moja kabla ya kuomba ndo unajitafutia kushukiwa mwenyewe. Anzeni mapema kupitisha mauzo benki, leseni ya biashara iwe hai, TIN iwepo. Na kwenda nchi moja kunarahisisha, unaomba ubalozi mmoja bila kubishana wapi utalala siku nyingi zaidi.

Mengine madogo. Jumapili maduka yao yanafungwa, nunueni chakula Jumamosi. Nyama na maziwa kutoka huku hayaruhusiwi kuingia, samli ya mama mkwe ibaki nyumbani.

Ombi langu kwako Mhariri, gazeti litupe ukurasa mmoja kuhusu huu mji, na halmashauri ya jiji letu nao watueleze huu undugu wa toka 1966 raia wa kawaida unamsaidiaje akitaka kwenda kutembea, hata barua ya utambulisho tu. Na wasomaji waliowahi kukaa Würzburg waandike hapa watuambie nyumba za kulala zenye jiko la kujipikia zinapatikana mtaa gani, na unga wa sembe unauzwa wapi, maana tukiwa kumi na mbili tunakula hotelini kila siku hela itaisha kabla hatujafika kwenye ngome.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza