Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Matokeo ya tafiti yarudi shuleni, tena kwa Kiswahili

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Pili katika shule ya msingi ya kijijini, mkoani Tabora. Sikuandikii kuhusu madaraja, nyumba za walimu wala malimbikizo. Hayo yana wasemaji wake na wanayasema vizuri. Nina ombi moja tu: mtafiti yeyote anayeingia katika shule zetu za msingi kuwapima watoto, awe wa ndani au wa nje, abanwe na kibali chake kurudisha matokeo katika shule zilezile alizozipima, kwa Kiswahili, na ndani ya muda uliotajwa.

Nimekuandikia wewe, ingawa sisi walimu wa shule za msingi tuko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kwa sababu anayetoa vibali vya utafiti ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na Tume hiyo iko katika wizara yako.

Njia ya mtafiti unaijua. Kibali kinatoka kwenye Tume, barua inafika kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Afisa Elimu, kwa Afisa Elimu Kata, hadi mezani kwa mwalimu mkuu. Kila ngazi ina muhuri wake. Mwalimu mkuu naye ananiita: "Mwalimu, wageni wako hawa." Asubuhi hiyo kipindi cha kusoma kimekwisha kabla hakijaanza. Watoto wanaitwa mmoja mmoja chini ya mwembe, na wanaobaki darasani hawasikilizi tena, kila mmoja anangoja zamu yake. Mchana wageni wanasaini kitabu cha wageni, wanashukuru, gari linaondoka. Ripoti ikikamilika inapanda: nakala kwa Tume, nakala kwa mfadhili, makala kwenye jarida la chuo kikuu. Barua ya ruhusa ilishuka ngazi zote hizo, ila hakuna ngazi hata moja inayodaiwa kuishusha ripoti.

Najua na upande wa pili. Kabla sijapata ajira serikalini nilifanya kazi ya udadisi, yaani kuwahoji na kuwapima watoto kwa niaba ya watafiti, kwenye tafiti za namna hii, kama wahitimu wengi wa ualimu wanaosubiri kupangiwa vituo. Mtoto anapewa hadithi fupi, mdadisi anabonyeza saa kwenye kishikwambi, dakika moja inahesabiwa. Kila neno lililokosewa linawekewa alama. Kisha yanakuja maswali ya ufahamu, na hapo ndipo mambo yanapofichuka. Kuna mtoto anayesoma kwa kasi kama mtangazaji wa mpira, ukimuuliza nani alikwenda sokoni anakutazama tu. Kuna mwingine anajikokota silabi kwa silabi, dakika inakwisha yuko sentensi ya pili, lakini alichokisoma amekielewa chote. Mwalimu wa Darasa la Pili akiambiwa kwamba katika wilaya yake wengi ni wa aina ya kwanza, wiki hiyohiyo anabadilisha namna ya kufundisha. Anapunguza kuimba silabi ubaoni, anaongeza kuuliza.

Jambo lenyewe linafanyika kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Hadithi ni ya Kiswahili, maswali ya Kiswahili, fomu ya ridhaa ya mzazi ya Kiswahili. Matokeo yanatoka kwa Kiingereza. Wazazi waliniuliza mara nyingi, "Mwanangu amepataje?" nami nikajibu kama mwongozo ulivyotaka, kwamba majibu ni siri na ni kwa ajili ya utafiti tu. Siri ya mtoto mmoja naikubali na ningeitetea. Lakini matokeo ya jumla ya shule mia tatu si siri ya mtu. Mkulima wa tumbaku wa huku kwetu akifikisha mzigo wake sokoni, gredi inatajwa palepale mbele yake, aipende au asiipende.

Na inawezekana, kwa sababu imeshafanyika hapahapa. Uwezo, mpango wa kiraia wa kupima watoto wanajifunza nini, walipoanza kupima mwaka 2010, hawakwenda shuleni peke yake, walibisha hodi majumbani wakawapima watoto wa miaka 7 hadi 16 kwa jaribio la kiwango cha Darasa la Pili. Waliopima walikuwa watu wa kujitolea wa maeneo hayohayo, na mzazi aliambiwa papo hapo mwanawe anasoma nini na hasomi nini. Matokeo ya jumla yalitangazwa kwa Kiswahili: katika watoto kumi wa Darasa la Tatu, ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Darasa la Pili, na mmoja kati ya watano wanaomaliza la saba hakuiweza. Takwimu hizo ziliuma, lakini mzazi asiye na digrii alizielewa, na hata aliyetaka kuzibishia alikuwa na cha kubishia.

Sasa nikupe mfano wa utafiti ambao walimu wenzangu wengi hawajausikia, ingawa unawahusu wao kuliko mtu mwingine. Mwaka 2013 na 2014 asasi ya kiraia ya Twaweza iliendesha jaribio la KiuFunza, kiu ya kujifunza, katika shule 350 za wilaya kumi za Tanzania Bara. Shule 70 zilipelekewa fedha moja kwa moja, Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Katika shule nyingine 70 walimu wa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa malipo kwa kila mtoto atakayefaulu: Sh 5,000 kwa kila somo katika Kiswahili, Hesabu na Kiingereza. Shule 70 nyingine zilipata vyote viwili. Zilizobaki hazikupata kitu, zikawa za kulinganishia.

Fedha za shule peke yake hazikuongeza chochote katika alama za watoto. Malipo ya walimu peke yake yalitoa picha ya kuchanganya: kwenye mtihani uliobeba malipo watoto walionekana kupanda, kwenye mtihani mwingine usio na malipo hawakuonekana hivyo. Palipowekwa vyote pamoja, watoto walijifunza zaidi kwenye mitihani yote miwili.

Hebu fikiria, Mheshimiwa, mjadala ambao matokeo hayo yangezua kwenye kikao cha kamati ya shule. Mwenyekiti angeuliza kwa nini tunalilia ruzuku kila mwaka kama ruzuku pekee haimfundishi mtoto. Mwalimu angejibu kwamba yeye naye hawezi kufundisha bila chaki, daftari na vitabu, hata ukimwahidi mbingu. Wote wawili wangekuwa sahihi, na utafiti ungekuwa upande wa wote wawili. Binafsi sishabikii kulipwa kwa kichwa cha mtoto, naogopa yule wa nyuma kabisa ataachwa kwa kuwa hana faida. Lakini ningependa kubishana nikiwa na matokeo mkononi.

Makala kamili ya utafiti huo ilitoka mwaka 2019 katika Quarterly Journal of Economics, jarida kubwa la wachumi, kwa Kiingereza chao. Mtoto aliyekuwa la kwanza mwaka 2013 alikuwa anamaliza la saba.

Majirani zetu hawako mbali na hali hii. Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka huohuo wa 2019 ilikwenda kwa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer, na sehemu ya safari hiyo ilianzia katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya. Huko Busia, Kremer na wenzake waligawa vitabu vya kiada miaka ya tisini, wakakuta kwamba waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Mwaka 2005, katika shule 121 zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza, nusu ya shule hizo ziligawa darasa kwa kiwango cha uelewa na nusu zikagawa bila kuangalia kiwango. Palipogawanywa kwa kiwango, waliokuwa juu walipanda, na waliokuwa chini wakapanda pia.

Mimi nina watoto zaidi ya 90 katika chumba kimoja na mwalimu wa ziada sina, kwa hiyo sisemi tuige kama ilivyo. Ila nimekaa miaka nikijiuliza kama kuwaweka pamoja wasiojua herufi ni kuwasaidia au ni kuwatenga. Kumbe swali hilo lilishapimwa, ng'ambo ya mpaka, na jibu lake liko kwenye jarida ambalo sikujua hata jina lake.

Lililonisukuma hasa kuandika ni la hapa nyumbani. Mwaka 2015 mtaala wa la kwanza na la pili ulibadilishwa tukarudi kwenye KKK. Karibu asilimia 80 ya muda ikawa ya kusoma, kuandika na kuhesabu, Kiingereza kikaondolewa madarasa hayo. Watafiti Daniel Rodriguez-Segura na Isaac Mbiti walichunguza mabadiliko hayo. Walikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja watoto walipanda katika Kiswahili na Hesabu, na kuna dalili kwamba miaka iliyofuata walioacha shule walipungua. Walikuta pia kwamba wastani wa ufaulu katika mtihani wa taifa wa Darasa la Nne ulishuka.

Hapo pana habari njema ambayo waliofanya kazi yenyewe hawakuletewa. Na pana jambo la kufikiria: watoto ambao zamani wangekuwa wamekwishaacha shule, huenda sasa wanafika la nne na kukalia mtihani, na wastani unashuka. Sisemi ndiyo sababu pekee. Lakini ufaulu wa la nne ukishuka, mwalimu mkuu husimamishwa kwenye kikao cha halmashauri ajieleze. Akiwa na karatasi hiyo mkononi angeuliza swali la maana: je, ni watoto wale wale, au tumebakiza wengi zaidi?

Najua pingamizi zitakazoletwa mezani kwako. Watasema gharama. Mradi unaokodi magari, unaolipa wadadisi posho na kununua vishikwambi hauwezi kushindwa na kurasa mbili za Kiswahili. Watasema ukitoa matokeo katikati unaharibu jaribio. Ni kweli, basi wangoje wamalize kukusanya takwimu, na kuanzia hapo wapewe mwaka mmoja. Watasema majarida hayapendi kitu kilichokwisha kutangazwa, na hili silikubali, maana wachumi huweka rasimu zao mtandaoni miaka mingi kabla jarida halijazichapa. Watasema istilahi za takwimu ni ngumu kwa Kiswahili. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na majaji wetu hawashughulikii mambo mepesi.

Pingamizi moja ninaliheshimu. Walimu wakuu wataogopa kupangwa, shule ya fulani ya mwisho, na mwaka unaofuata wageni wafungiwe mlango. Kwa hiyo jina la shule lisitajwe kamwe. Yatolewe matokeo ya wilaya, au ya kundi la shule zilizopimwa, pamoja na maelezo ya nini kilijaribiwa, nini kilifaa, nini hakikufaa, na watafiti wenyewe wana shaka wapi.

Pa kuzipeleka kurasa hizo papo. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Chini ya mpango wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu tunakutana shuleni kujadili ufundishaji, na mara nyingine tunakosa la kujadili zaidi ya moduli tuliyokwishaimaliza. Mkutano wa wazazi upo, ubao wa matangazo upo. Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo nayo iko kwako, ina maktaba mtandao ambamo muhtasari wa kila utafiti ungewekwa, mwalimu wa Nachingwea asome kilichopimwa Kibondo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inafupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba kuwa sita. Watafiti watakuja kwa wingi kutazama mwaka huo uliopunguzwa umewafanya nini watoto, na maombi yao ya vibali yatapita COSTECH kama kawaida. Ninaomba kifungu cha kurudisha matokeo shuleni kwa Kiswahili kiwemo kwenye vibali hivyo, na asiyekitimiza asipewe kibali cha pili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Darasa la Pili, Tabora.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, COSTECH.
Katibu Mkuu, TAMISEMI.
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania.