Rukia, watenganishe hao hamsta leo

Hannover, 12 Novemba

Shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mapacha. Sisi hatujambo, ila baridi imeshaanza kutuonea. Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Nilicheka kusikia watoto wamewaita hamsta wao wawili, hao vipanya wa kufugwa, Kashata na Pilipili, mpaka ulipofika pale pa kelele za usiku na damu kwenye sikio la Pilipili. Hapo kicheko kikakatika. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, shemeji naye asome.

Watenganishe leo. Usingoje wikendi, wala usingoje kizimba kipya kifike. Chukua lile boksi kubwa la plastiki la kuwekea nguo, toboa matundu mengi kwenye mfuniko, tandika maranda, weka maji, chakula na kijumba cha kujifichia. Boksi la karatasi ngumu usijaribu, atalitafuna atoke hata hujalala.

Kwa picha uliyonitumia, hao ni hamsta wa Syria, wale wakubwa wa rangi ya dhahabu. Kwa asili yao kila mmoja ana shimo lake na hataki mgeni. Wakiwa wadogo hulala wamerundikana, ndiyo maana dukani unawakuta kundi zima ndani ya kioo kimoja wametulia, na muuzaji akakwambia ndugu hawagombani. Wakishafika wiki 6 hadi 8 undugu unakwisha. Sisi tumelelewa kwa "kidole kimoja hakivunji chawa", tukimwona kiumbe peke yake roho inatuuma. Hamsta wa Syria akiwa peke yake ndiyo raha yake.

Kuna kisa kimoja nakipenda, ingawa kinatisha. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alichimbua mama hamsta na watoto wake shambani karibu na Aleppo, Syria, kwenye shimo la kina cha futi 8 hivi. Wakatiwa wote ndani ya boksi, na humo humo mama akamuua kitoto chake kimoja. Waliosalia walipelekwa Yerusalemu, na karibu hamsta wote wa Syria wanaofugwa leo wametokana nao. Basi ugomvi huo ni wa ukoo, mapacha wasijilaumu.

Kazini kwangu, kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa, tunaletewa sana waliokaa wawili wawili. Ukimtazama juu juu unasema mzima huyu. Ukimpuliza manyoya taratibu, hasa kiunoni na karibu na mkia, ndipo unaviona vidonda vidogo vya meno, vingine vimeziba juu na usaha umebaki ndani. Aliyeshindwa hujibanza pembeni, hali mpaka mwenzake alale, mwisho anakonda. Kwa hiyo mpulize Pilipili mwili mzima, usiishie sikioni. Ukiona uvimbe wowote, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Wazo la shemeji la kugawa kizimba kwa waya katikati, mwambie nimelisikia na nimelikataa. Watang'atana pua na vidole kwenye waya huo huo, na harufu ya jirani itawaweka roho juu mchana na usiku. Kila mmoja apate kizimba chake, vikae pande mbili za chumba. Gurudumu la kukimbilia na vijumba visihamishwe toka kwa huyu kwenda kwa yule, kwa sababu vimeshika harufu ya mwenyewe. Watoto wanawe mikono wakitoka kumshika huyu kabla ya kumshika yule. Na hakuna kuwakutanisha sakafuni "wasalimiane"!

Kuhusu ukubwa, huku Ujerumani chama cha madaktari wa wanyama kiitwacho TVT kinashauri kizimba kisipungue sm 100 kwa 50, na kwenda juu sm 50. Najua nyumba zenu za huko Leicester, Uingereza, viwili vya namna hiyo vitakula chumba. Mkishindwa nafasi, bora mmoja apate nyumba nyingine kuliko wote wabanwe. Maranda yawe ya kina cha sm 20 hadi 30, kwa sababu hawa ni wachimbaji. Gurudumu lisiwe la vijiti, mguu unanasa. Tafuta la uso mzima, la kipenyo cha sm 28 au zaidi. Pamba ya kutandikia iliyouzwa pamoja na kizimba itupe, inawazonga miguu na wakiimeza inaziba tumbo. Wachanie tishu nyeupe zisizo na manukato.

Atatokea mtu akwambie wale hamsta wadogo wa kibeti hupatana. Baadhi hupatana kwa muda, kisha siku moja wanageukana. Usinunue tena.

Lililobaki ndilo linaloniogopesha zaidi. Je, mna hakika wote ni majike? Mimba yao ni siku 16 tu, na vitoto vinaweza kuzidi 10. Ukimwona mmoja anavimba tumbo na kukusanya tishu kwa fujo, mpe chakula na maji, mengine yote muache. Vikizaliwa usiviguse wala kusafisha kizimba siku za mwanzo, maana mama akishtuka anaweza kuwala watoto wake.

Leo jioni, wakishatengana, nipigie picha za nyuma zao, chini ya mkia, mmoja mmoja. Usicheke. Dume matundu yake mawili yameachana, jike yamekaribiana, na mimi nayaona kila siku.

Wako,
Mwanaisha